Saa za ziada za walinzi ziandikwe na zilipwe: barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na Kamishna wa Kazi

Mheshimiwa Waziri, Ndugu Kamishna wa Kazi, na ninyi wakuu wa taasisi za umma ambao malango ya ofisi zenu yanalindwa na kampuni binafsi,

YAH: MALIPO YA SAA ZA ZIADA KWA WALINZI WA KAMPUNI BINAFSI ZA ULINZI

Nawaandikia nikiwa mtu niliyefanya kazi ya ukarani wa mishahara kwa miaka mingi jijini Dar es Salaam, na ambaye sasa majirani huniletea mikataba na hati zao za mshahara ili niwasaidie kuzisoma. Wengi wao ni walinzi. Karatasi zao hutoka katika kampuni tofauti, lakini zinafanana kwa jambo moja: mtu anakaa lindoni muda wa saa 12, siku sita kwa wiki, na mwisho wa mwezi hati yake inaonyesha mshahara wa msingi, makato ya NSSF na kiasi kinachobaki mkononi. Mstari wa saa za ziada haupo. Mstari wa kazi ya usiku haupo. Idadi ya saa alizofanya kazi mwezi huo haimo kabisa, kana kwamba alichouza kwa mwajiri wake si muda wake.

Siwaombi mtunge haki mpya. Haki ya kulipwa ovataimu ipo katika sheria zetu tangu zamani, na imeandikwa kwa maneno ambayo mtu yeyote aliyemaliza shule ya msingi anaweza kuyaelewa akisomewa taratibu. Ninachowaomba ni kwamba saa hizo ziandikwe, mfanyakazi azione kila mwezi, na zisipoandikwa, mzigo wa uthibitisho umwelemee yule aliyepaswa kuziandika. Naomba mnivumilie nieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu jambo hili limejengwa na hesabu, na anayeziruka hesabu zake hatauona ukubwa wake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kwa namba za vifungu vyake kama ilivyotungwa, inaweka katika kifungu cha 19 kikomo cha saa za kawaida: siku 6 kwa wiki, saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Kinachozidi hapo ni saa za ziada, na saa hizo zina masharti matatu, ingawa mazungumzo ya kazini hutaja moja tu, lile la malipo. Sharti la kwanza ni makubaliano, maana mwajiri hawezi kumfanyisha mtu kazi saa za ziada kwa amri yake peke yake. Sharti la pili ni kikomo: zisizidi 50 katika kila wiki nne, na hakuna siku ambayo mtu aruhusiwe kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa jumla. Sharti la tatu ndilo la malipo, kwamba kila saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Kifungu cha 20 kinaongeza asilimia 5 kwa kila saa ya usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na ikiwa saa hiyo ya usiku ni ya ziada pia, asilimia 5 hukokotolewa juu ya kiwango cha saa ya ziada. Kazi ya siku ya mapumziko ya wiki na kazi ya sikukuu ya umma hulipwa mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa.

Mshahara wa mwezi hugeuzwaje kuwa mshahara wa saa? Hapa ndipo walinzi wengi hukwama, na ndipo baadhi ya waajiri hujificha kwa kusema kwamba mtu wa mshahara wa mwezi hana hesabu ya saa. Jedwali la Kwanza la sheria hiyo hiyo limelijibu swali hili. Mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 4.333, ambayo ni wastani wa wiki zilizomo katika mwezi mmoja, kisha kwa idadi ya saa za kawaida za wiki. Kwa mwenye wiki ya saa 45, maana yake ni kugawanya kwa 195. Awe analipwa kwa mwezi, kwa wiki, kwa siku au kwa saa, sheria inamfikisha mahali pamoja: saa moja ya kazi yake ina bei, na bei hiyo inajulikana.

Tuchukue basi mlinzi wa mfano mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 195,000. Sisemi kwamba hicho ndicho kiwango halali cha leo; nimekichagua kwa sababu kinagawanyika bila mabaki, na mwenye mshahara mwingine atafuata njia ile ile. Saa moja ya kawaida ya mlinzi huyu ni shilingi 1,000. Saa ya ziada ni 1,500. Saa ya siku ya mapumziko ni 2,000. Nyongeza ya saa ya usiku ni shilingi 50, na ikiwa saa hiyo ni ya ziada, ni shilingi 75.

Mlinzi huyu anaingia zamu saa 12 jioni na kupokelewa saa 12 asubuhi, usiku sita kwa wiki. Hizo ni saa 72. Ukiondoa 45 za kawaida, zinabaki 27 za ziada kila wiki, ambazo kwa shilingi 1,500 ni shilingi 40,500. Kwa wiki nne ni shilingi 162,000. Tuongeze usiku. Katika zamu tano za kwanza za wiki, saa tisa za kawaida zinaishia saa 9 usiku, na saba kati ya hizo ni saa za usiku, kwa hiyo shilingi 350. Saa tatu zinazofuata hadi asubuhi ni za ziada na za usiku kwa pamoja, kwa hiyo shilingi 225. Zamu moja ni shilingi 575, na zamu tano ni 2,875. Zamu ya sita yote ni ya ziada, kwa kuwa saa 45 za wiki zimekwisha, na saa zake kumi za usiku ni shilingi 750. Jumla ya nyongeza ya usiku ni shilingi 3,625 kwa wiki, au 14,500 kwa wiki nne.

Kwa wiki hizo nne, mshahara wake wa saa za kawaida ni shilingi 180,000. Malipo ya saa za ziada na ya usiku, ambayo hati yake haiyataji, ni shilingi 176,500. Alistahili shilingi 356,500, naye anapewa takribani nusu. Kinachopotea hapa ni mshahara wa pili, sawa na ule wa kwanza, na unapotea kila mwezi kwa mtu ambaye kodi ya chumba chake Mbagala au Gongo la Mboto inamsubiri.

Zaidi ya fedha, kuna kikomo. Saa 27 kwa wiki ni saa 108 kwa wiki nne, ilhali sheria inaruhusu 50. Kwa hiyo hata kampuni ambayo ingelipa kila senti niliyoitaja hapo juu ingekuwa bado inavunja sheria, kwa sababu kikomo hicho hakikuwekwa kwa ajili ya fedha. Kiliwekwa kwa ajili ya mwili wa binadamu, unaohitaji usingizi, na familia inayohitaji kumwona baba au mama yake akiwa macho. Mlinzi ambaye mwenzake hakufika, akaambiwa aunganishe zamu hadi jioni, amefanya kazi saa 24 mfululizo, jambo ambalo hakuna makubaliano yoyote yanayoweza kulihalalisha. Na mlinzi aliyechoka namna hiyo ndiye tunayemkabidhi benki, shule za watoto wetu na maghala ya dawa.

Nimesikia majibu ya waajiri, na naona ni haki kuyapima moja moja.

Jibu la kwanza ambalo walinzi huambiwa, mara nyingi siku ile ile ya kuvishwa sare, ni kwamba mlinzi ni askari na askari hana ovataimu. Sheria imewataja kwa majina wale ambao haiwahusu: Jeshi la Wananchi wa Tanzania, Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Mlinzi wa kampuni binafsi hayumo katika orodha hiyo. Kuvaa buti, kushika kirungu na kupiga saluti hakumtoi katika sheria inayomlinda mpishi wa hoteli au mshona nguo wa kiwandani. Wengine hupandishwa cheo, wakaitwa wasimamizi, kisha wakaambiwa kwamba msimamizi hahesabiwi saa. Hilo nalo lina mipaka yake, kwa sababu kifungu cha 17 kinamwondoa yule tu anayewaongoza wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na ambaye pia anawajibika moja kwa moja kwa mtu wa menejimenti ya juu. Mkuu wa lindo mwenye walinzi wawili, anayemripoti msimamizi wa kanda, hajafika huko.

Jibu la pili ni kwamba mapumziko hayahesabiwi, na kwamba mlinzi hupumzika sana. Ni kweli kwamba kifungu cha 23 kinampa mfanyakazi dakika 60 za mapumziko baada ya saa tano za kazi mfululizo, na kwamba mwajiri halazimiki kulipia muda huo. Lakini kifungu hicho hicho kinasema kwamba muda huo hulipwa iwapo mfanyakazi anatakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kwa kazi. Mlinzi aliye peke yake getini anakula ugali wake huku jicho likiwa barabarani, na mteja akipiga honi anaweka sahani chini akafungue. Hayo si mapumziko. Na hata tukikubali kuiondoa saa moja kila zamu, zitabaki saa 66 kwa wiki, za ziada zikiwa 21, yaani 84 kwa wiki nne. Kikomo bado kimevunjwa.

Jibu la tatu hutolewa na waliosoma sheria nusu. Wanasema sheria inaruhusu zamu za saa 12 bila ovataimu kwa makubaliano. Inaruhusu, lakini waendelee kuisoma. Kifungu cha 21 kinataka makubaliano hayo yawe ya maandishi, na kinafunga wiki hiyo iliyobanwa katika siku zisizozidi tano, saa za kawaida zisizozidi 45 na za ziada zisizozidi 10. Kifungu cha 22, kinachoruhusu saa kupimwa kwa wastani, kinataka makubaliano ya pamoja na chama cha wafanyakazi, kwa wastani wa saa 40 za kawaida na 10 za ziada kwa wiki, katika kipindi kisichozidi mwaka mmoja. Hakuna mlango kati ya hiyo miwili ambao wiki ya saa 72 inaweza kupita.

Jibu la nne ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu limeandikwa katika mikataba mingi niliyoisoma: kwamba mshahara uliotajwa "ni jumla ya malipo yote, pamoja na saa za ziada na kazi ya usiku". Naomba wanasheria wenu walitazame sharti hilo kwa kalamu na karatasi. Kama shilingi 195,000 zinalipia wiki ya saa 72, basi zinalipia saa 312 kwa mwezi, na saa moja imekuwa shilingi 625. Na kama tutakubali kwamba ndani ya kiasi hicho saa 27 za kila wiki zimekwisha kulipwa mara moja na nusu, basi mshahara wa msingi wa saa uliofichwa humo ni kama shilingi 526 tu, ambao kwa mwezi wa saa za kawaida hauzidi shilingi 103,000. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka shilingi 148,000 kwa kampuni ndogo za ulinzi na 222,000 kwa zile kubwa. Mkataba wa namna hiyo, ukifunguliwa vizuri, unamlipa mlinzi chini ya kima cha chini cha amri ambayo sasa imekwisha kupitwa na wakati.

Na hapa, Mheshimiwa Waziri, naomba nikae kidogo. Serikali imetangaza kima cha chini kipya kwa sekta binafsi kuanzia Januari 2026, kikipandisha wastani kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322, ongezeko la takribani asilimia 30. Ni hatua njema, na walinzi niliozungumza nao waliipokea kwa furaha. Lakini kima cha chini ni bei ya wiki ya saa 45. Kama hakuna anayezihesabu saa, mwajiri aliyeongezewa gharama kwa amri ya mshahara anaweza kuirudisha yote kwa njia ya muda: anapunguza walinzi watatu wa lindo kuwa wawili, anaurefusha usiku wa waliobaki, na anaendelea kuonyesha mbele ya mkaguzi hati ya mshahara iliyo sahihi kabisa. Nyongeza iliyotangazwa redioni inakuwa imelipwa na mlinzi mwenyewe kwa usingizi wake. Ndiyo maana naamini kwamba amri ya mshahara isiyoambatana na hesabu ya saa ni nusu ya amri.

Wapo watakaosema kwamba saa za mlinzi ni ngumu kuzihesabu. Hazina ugumu wowote. Kila lindo lina kitabu, na mlinzi husaini anapoingia na anapokabidhi. Mteja naye mara nyingi ana daftari lake, kwa kuwa analipia ulinzi wa saa 24. Na kampuni zile zile zisizojua saa za ziada zinajua sana dakika za kuchelewa: mlinzi akifika saa 12 na robo jioni anakatwa, na makato hayo yanaonekana katika hati ya mshahara bila kosa. Anayeweza kuhesabu robo saa ili akate anaweza kuhesabu saa tatu ili alipe.

Tatizo, kwa hiyo, si kwamba kumbukumbu hazipo, bali zinakaa kwa nani. Mlinzi akiachishwa kazi na kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, anakuta kwamba madai yasiyohusu kuachishwa kazi yanatakiwa kufikishwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2007. Mtu aliyekaa lindoni kwa miaka minne akisubiri aondoke ndipo adai, anajibiwa kwamba sehemu kubwa ya madai yake imepitwa na muda. Na kwa ile sehemu iliyobaki anaulizwa: una uthibitisho gani kwamba ulifanya kazi saa hizo? Kitabu cha lindo kiko kwa mwajiri. Daftari la mteja liko kwa mteja. Yeye ana hati za mshahara, ambazo hazitaji saa.

Mtu atauliza kwa nini hadai mapema. Nawajibu kwa niaba ya wale niliowasikiliza: mlinzi anayeuliza habari za ovataimu hafukuzwi, anahamishwa lindo. Anayeishi Sinza anapelekwa kulinda kiwanja Kigamboni, na nauli ya kwenda na kurudi inamaliza mshahara wake kabla hajauliza mara ya pili. Kwa hiyo siku 60 zinampita akiwa bado kazini, akiwa ameamua kunyamaza ili watoto wale.

Sheria imemwona mfanyakazi wa aina hii kwa upande mmoja. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi ya masharti ya kazi, yakiwemo saa za kazi, mshahara na namna unavyokokotolewa, na kinasema kwamba mwajiri akishindwa kuleta nyaraka hizo katika shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa ni wake. Hiyo ni busara kubwa. Lakini inahusu masharti yaliyokubaliwa, haifiki kwenye saa zilizofanywa kweli. Mkataba unaweza kusema saa 45, mwajiri akauleta mbele ya msuluhishi kwa ujasiri, na mlinzi aliyefanya saa 72 akabaki na neno lake tu.

Naomba basi yafuatayo.

Mheshimiwa Waziri, sheria inataka malipo ya mshahara yaambatane na hati ya maandishi ya ufafanuzi wake, na fomu ya hati hiyo huwekwa kwa kanuni, ambazo unayo mamlaka ya kuzitunga na kuzirekebisha. Naomba fomu hiyo irekebishwe ili kila hati ya mshahara ya mfanyakazi anayehusika na kikomo cha saa ionyeshe mshahara wa msingi wa saa moja, saa za kawaida alizofanya, saa za ziada, saa za usiku, na saa za siku ya mapumziko au sikukuu, kila moja kwa mstari wake. Naomba pia iandikwe kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu. Si sawa mlinzi wa Temeke apewe karatasi ya Kiingereza yenye vifupisho ambavyo hata karani aliyeichapa hawezi kumweleza. Hati yenye saa itakuwa uthibitisho wa mfanyakazi, na itakuwa kinga ya mwajiri mwaminifu pia, kwa sababu wapo, nami nimewahi kufanya kazi kwa mmoja wao, wanaolipa vizuri kisha wanashindwa zabuni na wale wasiolipa.

Naomba vilevile utaratibu wa kifungu cha 15 upanuliwe, kwa marekebisho ya sheria ikibidi, ili mwajiri asiyeleta kumbukumbu za mahudhurio mbele ya Tume achukuliwe kuwa ndiye mwenye jukumu la kukanusha saa ambazo mfanyakazi amezieleza kwa namna inayoaminika. Na kwa kuwa saa za ziada zisizolipwa ni deni linalojirudia kila mwezi, ule muda wa siku 60 utazamwe upya kwa madai ya aina hii. Mshahara ulioshikiliwa mwaka jana haujabadilika kuwa zawadi kwa mwajiri kwa sababu tu mwaka umeisha.

Ndugu Kamishna, chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, maafisa kazi wana uwezo wa kuingia mahali pa kazi, kudai nyaraka, kuwahoji watu, na kutoa amri ya kumtaka mwajiri atekeleze sheria. Najua kwamba ni wachache na kwamba usafiri ni shida. Lakini ukaguzi wa kampuni ya ulinzi ukifanyika saa 4 asubuhi makao makuu, utakutana na mikataba na mafaili yaliyopangwa. Ukifanyika lindoni saa 12 jioni au saa 12 asubuhi, wakati wa kupokezana, utakutana na mlinzi mwenyewe na kitabu cha lindo chenye sahihi za wiki nzima. Hauhitaji bajeti mpya. Afisa mmoja akipita malindo ya mtaa mmoja kwa jioni moja, atakuwa na saa za kutosha kuzilinganisha na hati za mshahara za kampuni kadhaa. Naomba iwe ni maelekezo ya kawaida kwa ofisi zote za kazi za mikoa, na naomba mlinzi anayekutwa akihojiwa asihamishwe lindo kwa muda fulani bila maelezo ya maandishi kwa afisa kazi.

Na ninyi wakuu wa taasisi za umma, suala hili linawahusu kuliko mnavyodhani, kwa sababu ninyi ni miongoni mwa wateja wakubwa wa kampuni hizi. Hospitali, vyuo, mamlaka za maji, halmashauri: wengi wenu mnanunua ulinzi kwa zabuni, sasa kupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kwa bei ya mlinzi mmoja kwa mwezi. Lindo moja linalofanya kazi usiku na mchana lina saa 168 kwa wiki. Kwa zamu za saa 8 linahitaji walinzi wanne, kila mmoja akipata wastani wa saa 42 kwa wiki, chini ya kikomo cha saa 45. Kama zabuni mliyoipitisha ina bei inayotosha mishahara ya msingi ya walinzi wawili tu kwa lindo hilo, hamna haja ya kusubiri ukaguzi ili mjue kinachoendelea getini kwenu. Mmekinunua wenyewe, kwa bei hiyo.

Naomba nyaraka za zabuni za ulinzi zimtake mzabuni aonyeshe idadi ya walinzi kwa kila lindo, saa za kila mmoja kwa wiki, malipo ya saa za kawaida, za ziada na za usiku, pamoja na michango ya NSSF na ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mzabuni ambaye bei yake haiwezi kubeba gharama hizo asipewe kazi, hata kama ndiye wa chini kuliko wote. Na ankara ya kila mwezi iambatane na muhtasari wa saa uliosainiwa na walinzi wenyewe. Sheria ya Ununuzi wa Umma, Na. 10 ya mwaka 2023, haikutungwa ili Serikali ipate nafuu kwa kuvunja sheria yake nyingine.

Nimewazungumzia walinzi kwa sababu karatasi zao ndizo zinazofika mezani kwangu, lakini vibarua wa viwandani, wale wa malipo ya siku, wako katika hali hiyo hiyo. Kibarua wa shilingi 9,000 kwa siku ya saa 9 akibakizwa saa tatu zaidi ili shehena iishe, anastahili shilingi 4,500 juu ya ujira wake, si shilingi 2,000 za chakula alizopewa kwa hisani. Marekebisho ya hati ya mshahara niliyoyaomba yatamfikia naye, mradi tu kanuni iseme wazi kwamba malipo ya siku pia yana hati.

Kama ofisi zenu zitahitaji kuona mifano ya hati na mikataba, niko tayari kuja nayo, majina ya walinzi yakiwa yamefunikwa, pamoja na hesabu za kila mmoja, na nitakaa na wataalamu wenu kwa siku zozote mtakazopanga.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Karani wa mishahara mstaafu,
Dar es Salaam